Ototyuni inazidi kujaza mafuta sailensi, plagi nyeusi, lakini AFR (uwiano wa hewa kwa mafuta) bado inasoma 16

nozo_dom

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo la kutyuni limenikwamisha, naomba jicho la mtu mwingine.

Chombo ni silinda moja, cc 250, injini ya kupozwa na upepo, ilitoka kiwandani na kabureta. Sasa hivi ina throto bodi ya mm 34, nozo moja ya cc 150 kwa dakika kwa presha ya bar 3, kontroli boksi ya Speeduino, sensa ya presha MPX4250, na kwenye eksosi kuna sensa ya Bosch LSU 4.9 yenye kidhibiti cha kutoa volti 0 hadi 5. Req Fuel (muda wa nozo kutoa mafuta ya silinda iliyojaa hewa) ni ms 10.9, nozo inapuliza mara mbili kwa kila mzunguko wa kazi (mizunguko miwili ya krenki). Mafuta yanapangwa kwa presha ya manifoldi na mzunguko wa injini. Programu ni TunerStudio, nimewasha ototyuni yake, VE Analyze Live, mepu (jedwali la mafuta) ijirekebishe yenyewe.

Sailensi (injini ikiunguruma bila resi), mzunguko 1,500: VE (asilimia ya silinda kujaa hewa) ilianza 42, ototyuni imeipandisha mpaka 68 ndani ya dakika kumi na bado AFR inasoma 16 hadi 17. Lengo ni 13.5. Plagi imejaa masizi makavu meusi, petroli inanuka, mwisho inazima.

Barabarani, 4,000 hadi 5,500 kwa resi ndogo: safi. AFR 14.2, VE haihami.

Kupanda mlima wa Saranda resi yote, 6,500: AFR 14.0 wakati lengo ni 13.0. VE imefika 132 na inaendelea kupanda.

Halafu mchana. Ikisimama juani Majengo nusu saa, nikiwasha inasoma nyepesi (mafuta machache), ototyuni inaongeza. Ikitembea kilomita mbili inakuwa nzito (mafuta mengi), ototyuni inapunguza. Kesho asubuhi mepu si ile niliyoiacha.

Plagi mpya, chujio la hewa safi, kompreshini nzuri. Sensa imekufa au?

fundi_kizota

Mkuu, zima ototyuni kwanza, urudishe ile mepu uliyoihifadhi siku ya kwanza. Hiyo ya sasa imeshachafuka.

Plagi inasema nzito, sensa inasema nyepesi. Hapo amini plagi. Sensa inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, na haijui kama oksijeni hiyo imepitia kwenye silinda au imeingilia njiani. Ikiona oksijeni inasema "nyepesi", ototyuni inaongeza mafuta. Mafuta yakizidi injini inaanza kumisi, na kila mpigo uliomisi unatoa hewa yake yote bila kuungua. Sensa inaona oksijeni zaidi, VE inapanda tena. Ndiyo hiyo 42 kwenda 68.

Kabla hujafungua boliti hata moja, fanya jaribio hili. Injini ikiwa ya moto, ototyuni imezimwa, EGO (sahihisho la papo hapo la sensa ya eksosi) imezimwa, VE ya sailensi 42. Ipandishe kwa mkono mpaka 46. Mzunguko ukipanda na injini ikatulia, kweli ilikuwa na njaa. Ikizidi kulegea na kutoa moshi, ilikuwa imeshiba na sensa inadanganywa. Kisha ishushe 39 uone upande wa pili. Sikio lako ndilo shahidi hapo, usiangalie AFR kabisa.

Nadhani utakuta inadanganywa. Kwa silinda moja hewa huingilia sehemu nne.

Ya kwanza ni mdomo wa eksosi kwenye silinda hedi. Ile gasketi ya shaba ikishabanwa mara moja imekwisha, weka mpya. Nati za M8 zibane Nm 20 hadi 25, kidogo kidogo kwa zamu, upande huu na huu. Ya pili ni pale fundi alipochomelea kiti cha sensa. Kitundu cha ukubwa wa sindano kinatosha kuharibu sailensi. Ya tatu, kama injini yako ilikuwa na lile bomba dogo la kupeleka hewa safi kwenye eksosi kupunguza moshi, lizibe kabisa kwa kibati na gasketi. Watu wengi wanaobadilisha kutoka kabureta wanalisahau hilo bomba.

Kupima uvujaji: injini ikiwa baridi, iweke pistoni juu kwenye kompreshini ili valvu zote zifunge. Ingiza upepo wa presha ndogo kwenye mkia wa eksosi, kipuliza vumbi cha kawaida kinatosha, zungushia kitambaa. Pakaa povu la sabuni kwenye kila kiungo. Usitumie upepo wa kujazia matairi moja kwa moja, utatoa kitambaa na pamba za ndani ya sailensa.

Ya nne haivuji popote, na ndiyo inayowachanganya watu. Eksosi ya silinda moja kwenye sailensi inapumua: inatoa moshi kisha inavuta hewa ya nje kurudi ndani. Bomba likiwa fupi, hewa hiyo inafika kwenye sensa. Chomeka bomba la nyongeza la sm 50 hadi 60 kwenye mkia, kipenyo kilekile, ulikaze kwa klipu. AFR ya sailensi ikishuka kutoka 16 hadi 13 au 14 bila kugusa mepu, umempata mwizi wako. Huna haja ya kutembea na bomba hilo. Sailensi utaityuni kwa mkono na ototyuni utaizuia isiguse chochote chini ya 2,000.

kabureta_milele

Rudisha kabureta uendelee na maisha. Elfu hamsini tu unamaliza.

fundi_kizota

Na akitoka Dodoma kwenda Dar abadilishe jeti njiani Gairo kwa kuwa mwinuko umebadilika? Tuendelee.

waya_mweusi

Nakubaliana na fundi kuhusu hewa, lakini umeme nao una dhambi zake, na kwako ninaziona tatu.

Mkuu, umesema nozo inapuliza mara mbili kwa mzunguko. Fanya hesabu ya sailensi. Req Fuel 10.9, VE 42, MAP (presha ya manifoldi) kama kPa 45: 10.9 × 0.42 × 0.45 ni ms 2.06 za mafuta. Ukigawa mara mbili, kila mpulizo ni ms 1.03. Juu yake kuna muda ambao nozo inachukua kufunguka kabla petroli haijatoka, ambao kwa nozo nyingi ni kama ms 1 kwa volti 12 hadi 13. Yaani nusu ya muda ambao nozo ina umeme, haitoi kitu. Ukikosea muda huo kwa ms 0.3 tu, mafuta ya sailensi yanakosea karibu asilimia 29. Weka mpulizo mmoja kwa mzunguko, kosa lilelile linashuka hadi asilimia 15. Silinda moja haina sababu ya kupuliza mara mbili.

Halafu huo muda wa kufunguka unabadilika na volti. Volti 14 unaweza kuwa ms 0.8, volti 10 ukafika 1.5. Kwenye sailensi, taa ya mbele ikiwaka pamoja na moto wa sensa (hita yake inakula kama ampea 1 ikishapata joto, wakati wa kuwasha zaidi ya hapo), chaji ya pikipiki ndogo inaanguka kwa urahisi kutoka 14 hadi 12.2. Kama jedwali lako la volti si sahihi, mafuta yanapungua hapohapo na ototyuni inalaumu VE.

Namna ya kulipata bila vifaa vya maabara: baada ya kumaliza uvujaji alioueleza fundi, injini ya moto, ototyuni na EGO zimezimwa, iache sailensi itulie. Washa taa ya mbele. Volti zinashuka. AFR ikipanda, yaani ikawa nyepesi, ongeza asilimia ya marekebisho kwenye volti hizo. Ikishuka, punguza. Zima taa, rudia. Unataka taa iwake na kuzimika bila AFR kuhama zaidi ya 0.2. Kazi ya dakika kumi na tano na inaokoa wiki nzima ya kuhangaika.

La pili ni ethi. Waya wa ethi wa kidhibiti cha sensa uende kwenye ethi ya sensa za Speeduino, si kwenye fremu wala kwenye boliti ya koili. Injini ikiwaka, weka tesita ya volti kati ya ethi hizo mbili. Isizidi volti 0.02. Kidhibiti kinachotoa 7.35 kwa volti 0 na 22.39 kwa volti 5, kila volti moja ni AFR 3. Tofauti ya volti 0.1 kwenye ethi inakupa uongo wa 0.3 muda wote. Linganisha pia namba ya kwenye geji ya kidhibiti na ile ya kwenye laptopu. Zikitofautiana, ni ethi au umechagua jedwali la sensa lisilo lake.

La tatu: MAP ya silinda moja inaruka kama chura. Kwenye mipangilio ya Speeduino chagua isome thamani ya chini kabisa kwenye mzunguko, isiwe ya papo kwa papo. Bomba la kwenda kwenye sensa liwe jembamba, fupi, lake peke yake. Ukiona MAP kwenye logi (rekodi ya data) inacheza kati ya 40 na 75 wakati injini imetulia, ototyuni inaandika kwenye safu tatu tofauti za mepu huku injini iko sehemu moja.

bahi_express

Mmeisahau Saranda. Hilo ni tatizo jingine kabisa na nadhani ndilo la hatari kuliko yote, maana hapo injini ina mzigo, joto ni kubwa, na AFR 14.0 kwa resi yote kwenye injini ya upepo ni kuchoma pistoni polepole. Acha kuipandisha hivyo mpaka umalize.

VE 132 kwa injini ya kawaida isiyo na taibo haiingii akilini. Kwa kuwa Speeduino kwa kawaida haizidishi AFR lengwa kwenye hesabu, mepu ya mzigo kufika 100 au 105 si ajabu. 132 na bado nyepesi, hapo programu inalipia petroli isiyofika. Na nozo yenyewe haijaisha: kwa presha ya kPa 88 ni 10.9 × 1.32 × 0.88, unapata ms 12.7, jumlisha 1 ya kufunguka ni 13.7. Mzunguko wa kazi kwa 6,500 una ms 18.5. Nozo iko wazi asilimia 74, ina nafasi bado.

Kwa hiyo pima presha. Geji ya bar 0 hadi 6 kwenye kiungo cha T kati ya pampu na nozo, mpira wa petroli ya presha wenye klipu za skrubu, ufunge geji juu ya tanki kwa tepu mahali unapoiona. Kagua matone kabla ya kuwasha injini, chini yako kuna eksosi ya moto. Sailensi iwe bar 3. Ivute kwa mzigo, na isihame. Ikianguka, mtiririko unaanguka kwa kipeuo cha pili cha presha: kutoka bar 3 kwenda 2 unapoteza asilimia 18, kwenda 1.6 unapoteza 27.

Kinachoangusha presha huku kwetu kwa mpangilio wa ninavyovishuku: chujio la chini la pampu kuziba (petroli ya madumu na chupa inakuja na mchanga wake), kishimo cha kupumulia cha mfuniko wa tanki kujaa vumbi, waya mwembamba wa pampu. Kishimo kinapimwa bure: ikianza kuishiwa nguvu mlimani, simama, fungua mfuniko. Ukisikia "fyuu" ya hewa kuingia, ni hicho. Waya pima kwenye plagi ya pampu yenyewe ikiwa inafanya kazi. Ikipungua zaidi ya nusu volti kulinganisha na betri, badili waya na relei.

pasta_wa_boda

Naomba kudandia. Yangu ni ya kiwandani, cc 160, nozo tangu mwanzo. Nilichomoa betri siku mbili, sasa sailensi inazima ikipoa. Nayo inajityuni?

waya_mweusi

Inajityuni, ila kwa namna nyingine. Sensa yake ni ya aina ya kawaida: volti zinaruka kati ya 0.1 na 0.9, ikivuka 0.45 inajua tu ni nzito au nyepesi, haijui kwa kiasi gani. Kontroli boksi inajifunza masahihisho madogo injini ikiwa ya moto na resi imetulia, na nyingi zinayasahau betri ikichomolewa. Safisha throto bodi kwanza, kaboni kwenye ukingo wa kipepeo ndiyo iliyokuwa inafidiwa na hayo masahihisho. Kisha fuata utaratibu wa kujifunza sailensi ulio kwenye kitabu cha modeli yako. Hautofautiani kidogo, unatofautiana sana kati ya modeli na modeli, usichukue wa jirani. Ukikwama fungua mada yako, hapa tutachanganya mambo.

fundi_kizota

Turudi kwa nozo_dom, kile kisa cha Majengo. Sensa yako ya joto la hewa umeifunga wapi? Kama imekaa kwenye throto bodi au kwenye bomba la chuma karibu na hedi, inapima joto la chuma. Hewa ya Dodoma mchana kivulini ni 30 na kitu. Sensa iliyochomwa na injini ikisema 62, kontroli boksi inadhani hewa imepungua uzito na inapunguza mafuta. Kwa hesabu ya 20°C kuwa asilimia 100, joto 35 linatakiwa lipate 95 na joto 62 linapata 87.5. Hapo umeshanyimwa asilimia 8 ambayo hukustahili kunyimwa. Ototyuni inaijaza kwenye VE. Ukitembea, upepo unaipoza sensa, punguzo linaondoka, VE iliyoongezwa inabaki. Kila siku utakuwa unafukuza kivuli.

Ihamishie kwenye boksi la chujio la hewa, aina yenye kichwa kidogo kilicho wazi, si ile iliyofunikwa shaba nzito. Kisha kwenye jedwali la joto, kuanzia 50°C kwenda juu usiliache lishuke chini ya 92. Na uweke chujio kwenye ototyuni isikusanye data joto la hewa likizidi 45.

nozo_dom

Wakuu nimepima, haya ndiyo majibu.

Kupandisha VE 42 hadi 46: ikalegea. Kushusha 39: ikatulia kuliko mwanzo. Povu lilitoka kwenye kiti cha sensa upande wa chini, kimechomelewa upya. Gasketi mpya. Baada ya hapo AFR sailensi 14.8, na nikichomeka bomba la nyongeza 13.4. VE ni 40.

Mpulizo mmoja, nimerekebisha jedwali la volti kwa taa. Ilikuwa inahama 1.1, sasa 0.2. Ethi ilikuwa volti 0.07, nimeihamisha.

Presha: sailensi 3.0, resi yote mlimani 1.6. Soksi ya pampu (lile chujio la chini) imejaa tope jekundu. Mpya imefungwa, sasa 2.9 resi yote na VE imerudi 104 kwa AFR 13.0.

Sensa ya joto ilikuwa kwenye throto bodi. Imehamia kwenye boksi.

Limebaki moja: jana nikiwasha kwa tabu asubuhi, baada ya kuwaka ikawa nzito na nyepesi ovyo kila mahali. Nikazima, nikawasha tena, ikawa sawa. Mepu haikuguswa.

waya_mweusi

Angalia namba ya Baro kwenye skrini siku hiyo. Speeduino inasoma presha ya mahali ulipo kwa kutumia sensa ileile ya MAP, ufunguo ukiwashwa kabla injini haijazunguka. Dodoma mjini, mita kama 1,120 juu ya bahari, inatakiwa iwe karibu kPa 89. Stata ikivuta betri dhaifu mpaka volti zikaanguka, boksi linazima na kuwaka upya huku pistoni inavuta, linasoma 75 au 78 na kudhani umehamia mlimani. Sahihisho hilo linakaa mpaka uzime. Tafuta kwenye logi, kisha chaji au badili betri, na uhakikishe waya wa umeme wa boksi unatoka kwenye betri kupitia relei yake, haupiti kwenye swichi ya ufunguo pamoja na taa. Pia weka mipaka ya Baro kwa kichwa chako: nje ya 86 na 92 ukiwa hapa mjini, usityuni.

bahi_express

Kabla hujawasha ototyuni tena, pima ucheleweshaji wa sensa. Shika mzunguko mmoja, badili VE kwa asilimia 15 ghafla, kwenye logi hesabu ms mpaka AFR ianze kusogea. Fanya kwa 2,000, 4,000 na 6,000, jaza jedwali la ucheleweshaji. Bila hilo, AFR ya seli ya mepu uliyotoka inaandikwa kwenye seli uliyoingia.

Vichujio: injini chini ya 80°C isikusanye, resi inayosogea isikusanye, ukiachia resi nozo ikakatwa isikusanye, chini ya 2,000 isikusanye. Kikomo cha mabadiliko kiwe asilimia 10 kwa mara moja. EGO nayo ukiiacha iwake, mpe asilimia 5 tu.

Barabara ya Bahi asubuhi, kabla malori hayajawa mengi. Shika kila mzunguko sekunde tano kwa resi isiyosogea, 3,500, 4,000, 4,500, panda gia moja, rudia. Laptopu ibaki kwenye begi inarekodi. Uchambuzi wa mepu ufanye ukisimama, kwa kutumia logi, usiwe unasoma skrini ukiwa kilomita 80 kwa saa.

nozo_dom

Baro ilikuwa 76. Betri inachajiwa sasa hivi, Jumamosi alfajiri naelekea Bahi.